Nimpeleke Mukaka Kwenye Harufu ya Kakao?

Butembo, tarehe 9 Oktoba 2024

Mama Eliane mpendwa, mshauri wetu wa gazetini,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana na ninaomba unisaidie, na kabla sijaanza ninaahidi kukuambia yote, hata yale yanayonipa haya, kwa sababu anayemficha muganga kidonda anajidanganya mwenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari, ninaishi mtaa wa Furu na mukaka, yaani mama ya baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea tangu tulipokimbia vita upande wa Mutwanga nikiwa mtoto mdogo. Shuleni, maître Éliakim anatufundisha sanaa, na mwaka huu alituambia hatutachora wala hatutachonga, tutatembea. Kila mmoja achague kitu kimoja mjini akifuate kwa miguu, mlio au rangi au harufu, mpaka njia yake ikamilike kama wimbo, na Jumamosi tarehe 26 wageni watakuja na kila mwanafunzi atawaongoza katika njia yake bila kusema neno, na matembezi hayo ndiyo kazi yenyewe ya sanaa. Wenzangu walicheka. Timothée aliuliza, "Maître, donc nikienda ku choo ile pia ni sanaa?" Lakini mimi sikucheka, nililala nikiifikiria, na kesho yake nikachagua harufu.

Shida ilianza hapo hapo, kwa sababu unaujua mji wetu, msichana akipita mikono mitupu kila mama anamwuliza, "We mutoto, banakutuma wapi?" na ukijibu kwamba hakuna aliyekutuma, basi una kijana. Kwa hiyo nikaanza kubeba bidon ya maji, tupu, na tangu siku ile hakuna aliyeniuliza kitu, nikapita mtaa wa Vungi, nikafuata harufu ya mbao mbichi zinazopasuliwa, nikafuata mkate, nikafuata poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, zilizooshwa, nikateremka mpaka kwenye depo moja ambapo wanaanika kakao juu ya turubai, na pale miguu yangu ikakataa kuendelea. Ile harufu chachu, kama pombe na majani yaliyolala, niliijua kabla sijajua ni ya nini, na nikaona, sijui kama ni kumbukumbu au ndoto, mikono ya sokulu, babu yangu, ikinipa punje ya kakao yenye utelezi ninyonye. Sokulu alibaki Mutwanga. Mukaka anasema neno hilo tu, "alibaki," na shamba la kakao likabaki naye.

Juma lililopita Mama Kasika wa kwaya alinikuta kwenye depo, akaipiga bidon kwa kidole, ikalia. "Ee! Kwenu Furu maji ilikauka mpaka unakuja kuitafuta mu kakao?" Jioni mukaka alikuwa anajua yote.

"Ule kijana ni mutoto ya nani?"

"Hakuna kijana, mukaka. Natembea tu."

"Unatembea tu." Aliacha kuchambua maharage. "Miye nilishatembea yangu yote, na yako pia nilitembea, ulikuwa ku mugongo. Nilifanya vile ili weye ukae."

Tangu siku hiyo ananipikia na ananiombea, lakini hanitazami. Na mimi sikumwambia habari ya kakao, maana moyo wangu unatamani awe mgeni wangu siku ile, aje tu na wengine asijue tunaenda wapi, halafu naogopa harufu itamrudishia yale aliyoyazika, na tena naogopa kunyamaza, kwa sababu duniani hakuna mwingine anayeweza kuniambia kama ile mikono niliyoiona ni ya kweli. Gazeti hili ni mimi ninayemsomea kila Jumapili, kwa hiyo jibu lako nitaliona mimi kwanza. Mama Eliane, nimpeleke, au nimwache na amani yake, na je, utanijibu katika toleo linalofuata, kabla ya Jumamosi ile?

Binti wa Furu

*

Binti wa Furu,

Kuhusu kijana, nimekusadiki. Mwenye kijana huandika barua fupi.

Lakini bidon, hapana! Katika mji ambamo wamama wanapanga mstari wa maji tangu alfajiri, wewe unapita na chombo kitupu kama uko kwenye mchezo wa kuigiza? Mukaka hawezi kukutazama kwa sababu ulitembea ukijificha, na yeye anajua ni wakati gani watu wanatembea hivyo. Iache nyumbani. Wakikuuliza nani amekutuma, sema, "Mwalimu." Ni kweli, na inatosha. Na usitembee peke yako tena. Chukua rafiki, mrudi jua lingali juu.

Sasa hilo la kumleta pamoja na wageni bila yeye kujua. Usithubutu. Uso wa mukaka si kazi yako ya sanaa, mwanangu. Hatumpeleki mjane mbele ya watu tukamtazame analia.

Hata hivyo, usiuite ukimya wake amani. Nimekaa na wamama wengi waliokimbia. Wananyamaza wakidhani watoto hawakumbuki kitu, na hawataki kuwatwisha. Mukaka anadhani amebaki peke yake na kumbukumbu ya sokulu, kumbe wewe pia unayo mikono yake. Utamnyimaje?

Jumapili utamsomea gazeti kama kawaida. Msomee ukurasa huu, barua yako kwanza, toka tarehe mpaka mwisho, bila kuruka hata pale pa bidon. Sauti ikikukatika, atakungoja. Kisha mwulize habari ya ile punje.

Akikataa kwenda, usimsukume. Siku ya wageni geuza njia yako kabla ya depo, hawatajua kilichokosekana. Akikubali, nendeni ninyi wawili siku ya kazi ukitoka shuleni, muombe ruhusa kwa mwenye depo kwa heshima. Mshike mkono upande ule ambao pikipiki hazipiti. Akisimama, simama. Na akianza kukusimulia habari za sokulu, usimkatize, hata kama mvua inaanza kunyesha.

Mama Eliane