Kwa Nini Sikuingia Kwenye Gari la Deo

Glenwood, Durban
Agosti 2014

Kaka yangu Byamungu,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote. Natumaini ile homa imemwacha Mama kabisa, na kwamba goti lake sasa linamruhusu kwenda sokoni na kurudi bila kukaa njiani. Sisi huku ni wazima. Neema mke wangu bado anasuka nywele pale soko la Warwick, na binti yetu ameanza kutuongelesha Kizulu ndani ya nyumba yetu wenyewe, tena anatucheka tukikosea kumjibu. Baridi ya Durban si ya kutisha, sweta moja inatosha. Salamu zimeisha. Sasa nakuja kwenye hasira, na nakuomba ukae chini.

Barua hii anaileta Mama Chance, yule muuza vitenge anayepanda basi mpaka Uvira. Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga, wewe unapaza sauti, na mimi napaza sauti, na Mama akipewa simu anairudisha bila kusema neno. Tangu nitoke Ufaransa sijasikia sauti ya mama yangu. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko matusi yako yote. Mama hasomi, kwa hiyo utakayemsomea ni wewe. Msomee yote. Ukifika mahali panapokuchoma, usiruke.

Nianze na kazi, maana nasikia unawaambia watu kwamba nilipelekwa Bulaya kutembea. Sikupelekwa kutembea. Bosi wangu, Colin, mwenye duka la baiskeli hapa Glenwood, kila mwaka anachukua watu wa Durban, wengi wao wazee wastaafu, anaenda nao Ufaransa kuendesha baiskeli mashambani na misituni. Hawapiti barabara ya lami. Wanatafuta changarawe, njia za matrekta na za magari ya kubeba magogo, mahali ambapo unaweza kwenda asubuhi nzima usikutane na gari. Usiniulize kwa nini mtu alipe ndege aende kutafuta barabara mbovu wakati sisi tumezaliwa juu yake. Niliwahi kumuuliza Colin, akacheka tu. Yeye alihitaji fundi anayejua Kifaransa, na fundi huyo ni mimi. Ubalozini aliweka jina lake kunidhamini, kwa sababu karatasi yangu ni ya mkimbizi na karatasi ya mkimbizi haiaminiki bila mtu wa kuisimamia. Na nyuma yangu kuna Jean-Bosco, Mrundi ninayefanya naye kazi, ambaye zamu yake ni mwakani.

Nilikaa kule wiki nzima na zaidi, kwenye vilima wanavyoviita Morvan. Kaka, ni kuzuri, siwezi kusema uongo kwa ajili ya hasira. Ng'ombe wao ni weupe, wanene, wamelala tu majanini na hakuna anayewachunga. Vijiji viko kimya, madirisha yamefungwa, unaweza kudhani watu wamehama, kumbe wako ndani wanakula. Kisha unaingia msituni, miti mirefu pande zote mbili, magogo yamepangwa kando ya njia yakinukia utomvu, na kinachosikika ni changarawe chini ya tairi basi. Maji wanachota makaburini. Nakuapia. Kila kijiji kina makaburi, na kila makaburi yana bomba, na waendesha baiskeli wote wanajaza chupa pale. Siku ya kwanza nilikataa, nikakaa na kiu mpaka ulimi ukakauka, nikaona haya kumweleza mtu sababu. Siku iliyofuata kiu ikanishinda. Niliwaomba radhi marehemu kwa Kiswahili, nikanywa. Maji yao ni baridi na matamu.

Kazi yangu ilikuwa kufunga mkia. Fundi anakuwa wa mwisho, nyuma ya watu wote, ili akipatikana mwenye pancha au mnyororo uliokatika, amkute. Haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Mwanzoni niliona shida, si kwa miguu bali kwa moyo. Unajua kwetu mtu akikuambia pita msituni, tena uwe wa mwisho, anakuambia nini. Nilikuwa nageuka kila mara. Kijiti kikivunjika, nafunga breki. Nilitazama pembeni kutafuta mahali pa kujitupa. Hakutoka mtu. Alitoka mnyama mmoja tu mfano wa swala, akanitazama, akaenda zake. Baada ya siku chache nikajikuta napiga mluzi ndani ya msitu, mimi, na jioni ile nilitaka kumpigia Mama nimwambie hilo tu.

Nikakupigia wewe, kwa sababu simu ya Mama haikushika. Na ulikuwa mwema sana, Kaka. Ulikuwa unauliza na kuuliza. Leo mmelala kijiji gani, kesho mnapita wapi, mnakula wapi mchana, wewe unakuwa nyuma na nani? Miaka yote niliyokaa na grisi mikononi hujawahi kuniuliza habari ya kazi yangu. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuambia majina ya vijiji nikikutamkia polepole. Nikakuambia hata njia panda ile ambapo changarawe inakata lami katikati ya msitu, na kwamba mimi hupita pale mwisho, wenzangu wameshatangulia chakulani. Ulisema, vizuri sana mdogo wangu, Mungu akulinde.

Kumbe habari hizo zote ulikuwa unampa Deo, anayeishi Lyon, huko huko Ufaransa.

Mama anajua sehemu hii kama ulivyomsimulia, sasa aisikie kama ilivyokuwa. Siku hiyo nilikuwa na bibi mmoja anaitwa Glenda, mwalimu mstaafu wa hapa Durban, mwili mkubwa, mwendo wa taratibu, mtu wa mzaha. Tairi lake la nyuma lilikuwa limechanwa na jiwe. Tyubu ya akiba nilikuwa nimeshampa mwingine, kwa hiyo nilibandika kiraka, kiraka kikawa kinavuja, na kila baada ya mwendo mfupi tulishuka nipige pampu. Simu haikushika popote. Tulipofika njia panda nikaona gari, na kando yake amesimama Deo, mtoto wa shangazi, ambaye sijamwona tangu tukiwa wadogo. Nilikimbia kumkumbatia. Nilidhani amekuja kunisalimia.

Hakunisalimia. Alifungua mlango akasema, "Vua hiyo kofia, ingia mu gari, tunaenda Lyon. Koti yako iko kwa kiti ya nyuma."

Nikamwambia niko na mtu.

"Mtu gani? Huyu muzungu? Benzake batakuja kumuchukua. Ingia, bote nyumbani banajua."

Bote nyumbani banajua. Mlijua ninyi wote, isipokuwa mimi. Deo alinieleza haraka haraka, akitazama saa, kwamba umepanga kila kitu, mahali pa kulala, mtu wa kunisaidia kuomba ukimbizi upya, na kwamba Jumapili iliyopita Mama alisimamishwa mbele ya kanisa akatoa shukrani, mwanangu amefika Bulaya na amebaki. Amebaki. Mimi niko kijijini natengeneza baiskeli za watu, na Uvira mama yangu anacheza mbele ya mchungaji kwa jambo ambalo sijalifanya wala sijaulizwa.

Glenda alikuwa ameketi juu ya gogo. Hakuelewa hata neno. Aliona tu kwamba ndugu yangu amekuja kutoka mbali kuniona msituni, na akafurahi kuliko sisi wenye undugu. Alifungua mfuko wake, akakata mkate na jibini yake ya njiani, akampa Deo kipande kikubwa. Deo alikipokea, afanyeje? Akala amesimama, macho mekundu, hanitazami.

Kisha akaniuliza, "Mama yako alisha shukuru mbele ya bantu. Nimuambie nini sasa?"

"Mwambie niko kazini," nikasema.

Nikapiga pampu, Glenda akapanda, tukaondoka. Nyuma nilisikia mlango wa gari ukipigwa kwa nguvu.

Sasa wewe unaniita mjinga. Unasema nimeaibisha nyumba, kwamba Mama hawezi kuingia kanisani. Na huku Durban sijapona. Pale Warwick, kinyozi mmoja wa kwetu akiniona anawaambia wateja, "Huyu ndiye alifika Bulaya akarudi," na kibanda kizima kinacheka. Unadhani nilirudi kwa sababu Durban ni tamu? Eish, Kaka. Hapa nikijibu simu kwa Kiswahili ndani ya teksi, kuna watu wanageuka. Mwaka ule wageni walipopigwa, Neema na mimi tulilala chini ya meza. Najua ninapoishi. Lakini mke wangu yuko hapa, mtoto wangu yuko hapa, na wewe katika mipango yako yote hukumtaja hata mmoja wao. Ningekaa Lyon nawaangalia kwenye simu kwa miaka mingapi? Jean-Bosco angepewa viza na nani, baada ya Mkongomani kutoroka? Na yule mama wa watu ningemwacha porini na tairi lisilo na upepo, atembee peke yake mpaka giza?

Unasema, huyo ni nani kwako. Nitakuambia. Tulipopanda milima kukimbia vita vya Uvira, wewe ulikuwa mbele na mzigo, Mama katikati na watoto, mimi nimeshika gauni lake. Baba alifunga mkia. Alikuwa anasema endeni, nakuja. Tulifika juu, tukahesabiana, Baba hayupo. Mpaka leo hatujui alibaki kona ipi. Mimi nikiwekwa nyuma ya watu siondoki, Kaka. Hata watu hao wakiwa wazungu, hata uniwekee Lyon yote ndani ya gari. Na aliyepaswa kulijua hilo bila kuambiwa ni wewe.

Nimekasirika na bado nimekasirika. Sitajifanya imepita kwa sababu karatasi inakwisha. Ulinidanganya kwa upole, na mimi ningependa zaidi ungenitukana.

Nisalimie shemeji, anayetuliza moto wako kila siku. Nisalimie dada yetu mdogo na mumewe mwalimu, mjomba fundi cherehani, na shangazi, mama yake Deo. Mwambie mwanawe alikula vizuri na sina kinyongo naye, alitumwa.

Sasa mpe Mama karatasi aishike, umsomee hapa polepole.

Mama, nakupigia magoti. Nilipewa watu kumi na wawili niwapitishe msituni, nikiwa wa mwisho. Jioni tulihesabiana, na wote walikuwepo, na mimi nilikuwepo. Kama unataka kurudi mbele ya kanisa, rudi na hilo. Na nikipiga simu Jumapili, ipokee mwenyewe.

Mwanao anayekusubiri,
Espoir