Pikapu ya Mbao, Mama Kiti cha Mbele

Karakana ya Useremala,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 417.

Jumamosi, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu zetu sote, kubwa kwa ndogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha mwezi jana kimekuacha. Unakula lakini? Wifi anasema kwenye simu anaona umekonda, nami nikamwambia huyo hakuitwa Msumari kwa bahati. Sisi hatujambo. Mama hajambo kwa kiasi chake. Mkono wake wa kushoto, ule wanaouchoma sindano, ulivimba wiki hii, ila muuguzi anasema si wa kutisha. Binti yako ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu nimeikimbia makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, ungepandisha sauti, nami ningelegea kabla sijafika nusu. Kwa hiyo tafuta kiti, soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Pikapu imekamatwa. Haijagonga mtu wala haijagongwa. Iko kwenye uwanja wa ofisi ya leseni tangu Jumanne ya wiki iliyopita, na kosa ni langu.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kuisajili kwa jina lako, ulipokuja likizo. Karani alituuliza gari ni la kazi gani, ukasema la karakana. Akakupa fomu ya gari la biashara, lenye kodi ndogo ya barabara, na chini yake palikuwa na tamko kwamba gari halitatumika kwa shughuli za nyumbani: si kupeleka watoto shule, si kwenda harusini, si kubeba mgonjwa. Anayetaka hayo analipa kodi ya gari la binafsi, ambayo ni kubwa zaidi. Ukatia sahihi, tukatoka. Wakati huo mama alikuwa bado anabeba ndoo yake mwenyewe, na hakuna aliyefikiria mgonjwa.

Figo zilipogoma, wewe ndiye uliyesema, nami nakumbuka neno kwa neno: "Gari ni la mama kwanza, mbao baadaye." Ukaongeza kwamba niende nikabadilishe daraja la kodi, tulipe ile ya binafsi, tulale usingizi. Nilikwenda, nakuapia. Karani akasema mwenye gari lazima asaini mwenyewe mbele ya wakili, huko huko aliko, na karatasi irudi kwa posta. Nikageuka nikatazama foleni, nikakumbuka miadi ya mama ya kesho yake saa moja asubuhi, nikajiambia nitafanya baadaye. Hiyo baadaye imefika miezi mitano. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe hata la mdogo linavunja.

Sasa sikia ujinga wangu. Niliwaza hivi: gari likiwa na mzigo nyuma, liko kazini, na mama aliyekaa mbele amepewa lifti tu. Basi nikatafuta mzigo wa kudumu. Pale karakana palikuwa na ule mlango wa mbao nyekundu wenye kioo cha duara katikati, ambao daktari wa meno aliukataa kwa sababu mkewe alitaka kioo cha mraba. Nikausimamisha nyuma, nikaufunga kamba, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mlango ukawa unakwenda hospitali na kurudi. Mlinzi wa getini alishaniuliza mara mbili kama nauuza.

Fundi mwenye akili angebeba mbao chakavu, zinazofanana na mbao zote duniani. Mimi niliona haya kupita barabarani na takataka, na ubavuni mwa gari kuna jina la karakana ya baba. Nikachagua kazi nzuri kuliko zote tulizonazo. Majivuno yangu unayajua. Safari hii yametuponza.

Jumanne hiyo tulikuta wakaguzi kwenye mzunguko wa karibu na soko la nguo. Aliyetusimamisha ni mwanamume mpole wa miwani, asiyepandisha sauti, na hao ndio wa kuogopa. Akaniomba kadi ya gari, akaisoma taratibu, akauliza mlango unakwenda wapi. Nikamwambia kwa mteja, kuna nyumba inajengwa jirani na hospitali. Akazunguka nyuma, akaupapasa mlango, akarudi dirishani kwangu.

"Dada, Alhamisi iliyopita nilikuwa hapa, mlango ukapita. Wiki ile nyingine nilikuwa kule darajani, ukapita. Kazi nzuri hii, ndiyo maana sikuisahau. Haujapata nyumba bado?"

Nikasema mteja ana maneno mengi, kila siku anarudisha. Akaniuliza huyu mama ni nani. Mdogo wangu, ulimi hauna mfupa: nikasema ni msimamizi wa karakana. Mkaguzi akainama, akamsalimia shikamoo, akamuuliza mwenyewe. Unamjua mama. Hata akiambiwa aseme hayupo nyumbani, hutokea mlangoni kusema hivyo.

"Mimi ni mama yake, mwanangu. Nakwenda kusafishwa damu. Huu mlango tunakwenda nao na kurudi nao, wala sijui kwa nini."

Yule mkaguzi hakucheka. Alitazama saa yake, akauliza mashine inaanza saa ngapi, akaniambia nimuwahishe mama kwanza, nikishamshusha nipeleke gari ofisini. Kadi akabaki nayo. Nilimshusha mama, nikamwacha mikononi mwa muuguzi, nikaenda kulikabidhi gari. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye uwanja uliojaa magari ya watu wengine waliodhani ni wajanja.

Jana niliitwa kwa mkuu wa ofisi. Ni mama wa makamo, mwenye meza tupu isipokuwa faili moja, na ndani ya faili ni ile fomu yako. Akaigeuza nione sahihi yako. Akasema kosa hapa si kodi peke yake, kodi inaweza kulipwa. Kosa ni tamko. Mwenye gari aliahidi kwa maandishi, na gari limetumika kinyume, kwa hiyo jina lake litaandikwa kwamba alitoa tamko la uongo serikalini. Nikamuuliza jina likishaandikwa linakwenda wapi. Akasema linakaa humo, na litaonekana kila litakapoulizwa.

Nilikumbuka kile cheti cha mwenendo mwema unachosubiri kutoka huku, ambacho bila hicho hawakupi kibali cha kumchukua wifi na mtoto. Tangu likizo ile, miaka mitatu unawaona kwenye simu. Mtoto amejifunza kusoma bila wewe, na sasa anang'oka meno bila wewe. Halafu mimi nije nikuharibie kwa uvivu wa kupanga foleni! Nililia mbele ya yule mama, na unajua mimi si wa kulia ovyo.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema iko njia moja. Kama mwenye gari hakuruhusu, na dereva amelitumia kwa matakwa yake, basi kosa ni la dereva. Mwenye gari hana doa. Dereva atatozwa faini, na leseni yake itafungiwa miezi sita. Akanisogezea karatasi tupu na kalamu, akasema anataka jibu la swali moja tu: mwenye gari alikuruhusu kumbeba mgonjwa, au hakukuruhusu?

Nilichojibu nitakueleza, ila kwanza nimalize habari za nyumbani, maana najua ukishakifikia hutasoma mengine.

Mama anakwenda hospitali kwa taabu. Mwalimu jirani anampeleka Jumanne na Alhamisi kwa kigari chake kabla hajaingia darasani, Mungu amzidishie. Jumamosi tunapanda basi. Jumamosi iliyopita basi liliharibika njiani, tukafika nafasi yake imeshapewa mtu mwingine, tukaambiwa turudi Jumatatu. Siku hizo mbili alipumua kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, na miguu ikajaa maji hadi viatu vikagoma. Sikufichi, niliogopa. Nilikaa karibu yake nikijifanya napiga msasa mguu wa kiti, kumbe nahesabu pumzi. Leo alipata mashine, na sasa amelala vizuri.

Kazi za karakana zinakwenda kwa mkokoteni. Meza ya yule mwenye mgahawa tuliisukuma kwa mikono mimi na fundi rangi, barabara nzima, huku watu wanatupisha kama msafara wa waziri. Tumecheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa cha njaa.

Ndani ya bahasha hii utakuta fomu moja. Ni ya kubadilisha daraja, gari litoke kwenye biashara liingie kwenye binafsi. Nenda kwa wakili, isaini mbele yake, itume kwa posta ya haraka. Ikifika, nalipa kodi inayostahili na pikapu inatoka siku hiyo hiyo. Fundi rangi ana leseni, na amekubali kumwendesha mama mpaka miezi yangu sita iishe. Usiiweke fomu hii mezani ukasema baadaye. Ugonjwa huo wa baadaye tayari ninao mimi, unatosha kwa ukoo mzima.

Kutokana na hilo la miezi sita nadhani umeshajua nilichojibu.

Nilisema hukuniruhusu. Yule mkuu akasema kusema hakutoshi, niandike kwa maneno yangu, jinsi ilivyokuwa. Nikaandika kwamba mama alipougua nilikuomba gari la kumpeleka hospitali, ukakataa. Nikaandika ulisema gari ni la mbao tu, mama apande basi. Nikaandika nilikuomba tena, ukakataa tena, nami nikalichukua kwa ubishi wangu. Nilitia sahihi na tarehe.

Alisoma mpaka chini, akavua miwani, akasema, "Pole, dada. Kuna watu wana roho ngumu, hata kwa mama zao."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko faini na leseni. Nilitaka kumwambia kwamba mashine ya mwezi wa kwanza uliilipia kwa kuuza koti lako la baridi huko kwenye baridi. Nilitaka kumwambia tangu unazaliwa hujawahi kuninyima kitu, hata sabuni. Lakini ningefungua mdomo ningekuponza, basi nikatazama sakafu, nikaacha mgeni akuseme vibaya.

Mama hajui niliyoyaandika. Akijua atakwenda ofisini kwa miguu yake hiyo hiyo iliyovimba, aseme kweli, nawe ubaki huko peke yako miaka mingine. Kwa hiyo usimwambie, wala usimwambie wifi mpaka afike huko kwako. Na wewe najua damu itakuchemka, utataka kupiga simu ofisini useme dada yangu anadanganya. Nakuomba kwa jina la baba, usinitetee.

Watakutafuta, wiki hii au ijayo, wakuulize swali lile lile. Wakikuuliza, mdogo wangu, kubali kwamba ulimnyima mama gari.

Wifi anakusalimu sana, sanduku lake lipo tayari. Binti yako anasema nikwambie meno yatakuwa yameota ukimwona. Shangazi anakusalimu, fundi rangi naye, na mwalimu jirani. Mama alitaka nikuandikie kwamba anakuombea kila anapofungwa mashine, kwa sababu ndipo anapopata muda wa kukaa.

Mungu akutunze ugenini, akufungulie milango, na akurudishe kwetu ukiwa na jina lako safi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, lolote litakalosomwa kwenye faili,

Randa