Mashine Tatu na Soketi Moja

Mwiki, Ruiru
Jumatatu asubuhi

Kwako muru wa maitu, mwana wa mama yangu, Njau,

Pokea salamu za kaka yako Muigai, ambaye siku hizi ndiye injinia mkuu wa kompyuta. Zahanati zetu zote tatu, hii ya Mwiki, ya Kamakis na hiyo yenu ya Thika, hazipumui bila mimi. Haya, huo ni uongo, na najua umeshacheka. Mimi bado ni mlinzi wa mchana na mshika funguo, na masomo yangu unajua yaliishia darasa la nne, mwalimu akimshukuru Mungu. Rachael hajambo? Goti lake limetulia? Na presha yako wewe? Huku tu wazima, ila baridi ya Julai inatutafuna.

Nimetumia kalamu kwa sababu kwa simu ungenikatiza. Tangu uwe mwenyekiti wa kamati ya hizi zahanati husikii neno la pili la mtu.

Ni habari ya Oluoch, fundi wetu wa kompyuta, yule mrefu anayeinama hata akiingia kanisani. Alipokuwa akifunga mashine za rekodi za wagonjwa, moja kila zahanati, nilimuuliza mkubwa wao ni nani. Akasema hakuna. Kila moja inaandika, na ikiandika inawaambia wenzake, hivyo mgonjwa akiandikishwa Mwiki, Thika wanamwona papo hapo. Nikamwambia boma lisilo na mzee litaliwa na fisi. Akanijibu kwamba ukimtegemea mkubwa mmoja, siku akiugua nyumba nzima inalala njaa. Hata programu yenyewe hatukuuziwa. Imeandikwa na watu wa kila pembe ya dunia na kuachwa wazi, yeyote aisome na airekebishe. Githae wa kamati alinung'unika ati cha bure kina funza, na mimi nikamuunga mkono kwa sababu chai ilikuwa yake.

Lakini kuna jambo alilonieleza likanikaa. Mashine moja ikizimika, mbili zinaendelea kama hakuna kilichotokea. Ikibaki moja pekee, inanyamaza. Haiandiki, haisomeki. Haijui kama wenzake wamekufa au ni waya tu umekatika, na inaogopa kusema lake huku wao wakisema lingine. Nilifikiri huo ni ujinga wa mashine. Sasa sijui.

Nasikia Alhamisi mnakaa kumfuta kazi kwa sababu ya Jumanne iliyopita. Stima ilipotea Kamakis, yetu ilikuwa imezimika, basi hiyo yenu ikanyamaza. Hapa mama mmoja, Mwendwa, alikuwa amempakata mwanawe mwenye homa kali, na nesi Shiko akakataa kumdunga sindano kabla ya kujua ni dawa gani iliyomvimbisha uso mwaka jana. Alifanya vizuri. Ila walikaa hivyo saa nzima, na yule mama aliitazama ile kompyuta kama mtu anayetazama mlango uliofungwa na mtu wake yuko ndani. Halafu, mnavyosema nyinyi, mashine ikafufuka yenyewe.

Njau, haikufufuka yenyewe.

Kile chumba cha mashine kina soketi moja, na ni kikavu, na paka hawaingii. Kwangu mwenye nyumba amekataza kuku. Kwa wiki tatu nimekuwa nikichomoa mashine kila asubuhi, nachomeka balbu ya kupasha joto vifaranga wangu thelathini, na jua likitoka nairudisha. Hakuna aliyehisi chochote, maana zile mbili zilinibebea dhambi yangu bila kulalamika. Oluoch peke yake aliona na kuja kuniuliza. Nikamwambia ni stima ya Mwiki, unajua stima ya Mwiki. Akaniamini, akawaandikia kuomba betri. Mkampuuza.

Na bado sijafika penye aibu. Nilimsikia karani akimpigia Oluoch simu, nikaelewa kila kitu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Lakini kufika kile chumba lazima upite mbele ya karani, basi nikangoja atoke ndipo niingie. Nusu saa, Njau. Nusu ya ile saa ni yangu, nikijua.

Mtoto amepona. Jana Mwendwa aliniletea maparachichi, ati kwa sababu nilimpa kiti. Hayajanishuka. Vifaranga nimempa Wamboi jirani, na ufunguo mkiutaka nitauleta mwenyewe bila kununa.

Nisalimie Rachael, na wajukuu, na Githae pia ingawa ni mchoyo. Mungu awatunze hadi tutakapoonana.

Kwenye kamati sitakuja. Najijua, nitaanza mzaha, watu watacheka, na Oluoch ataenda nyumbani vivyo hivyo. Siku tuliyoenda kumposa Rachael sauti ilikupotea mbele ya wazee wao, nikasimama nikakusemea. Hujawahi kunirudishia. Alhamisi, kabla hamjafika kwenye jina la Oluoch, simama uwasomee barua hii yote, hata hapo pa nusu saa.

Kaka yako,
Muigai