Nyigu Mlangoni, Mwenye Nyumba Safarini

Kalundu, Uvira

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama, na shikamoo nyingine kwa zile zote nilizokosa kukupa miezi hii. Barua hii ikikufikia inanuka dagaa, usishangae. Anayeivusha ziwa ni mvuvi aliyeniahidi kuifikisha hapo Kigoma, na mahali pakavu pekee mtumbwini mwake ni chini ya kapu la samaki. Miguu yako inaendeleaje? Bado inavimba nyakati za baridi? Unaifunga kwa ile dawa ya mti niliyokutumia, au umempa jirani kama kawaida yako? Na huyo kaka anayekusomea, mwambie asome polepole, asiruke mistari kwa kuwa barua ni ndefu. Namjua.

Sisi tu hai. Mimi, mjukuu wako Mapendo na mama mkwe wangu, tunakula tunachopata, tunalala, tunaamka. Najua huko mnasikia redioni kwamba Uvira imeshikwa na vijana wa maasi na kwamba watu wamekimbilia milimani. Ni kweli, wengine wamekimbia, na sisi tungekimbia kama mama mkwe angekubali kuiacha nyumba. Lakini nikikwambia kilichonikosesha raha hasa, utacheka, halafu utakasirika kama nilivyokasirika mimi. Si risasi, mama. Ni nyigu. Hawa hawa wenye kiuno chembamba na roho mbaya.

Acha nianzie mbali kidogo ili unielewe. Mkweo Kashindi aliondoka hapa kabla maasi hayajatufikia. Tajiri wake alimpakilia lori dagaa wakavu wa kupeleka Bukavu, naye akaniambia nisisumbuke kumwekea chakula ila siku ya Jumapili, atakuwa amerudi. Wenye baiskeli wanaotoka Luberizi wanasema waliliona lori likipita pale, yeye mwenyewe akiwa usukani, akapiga honi. Kisha vita vikaifunga njia nyuma yake. Tangu siku hiyo sijapata barua, wala salamu, wala hata uvumi.

Basi, kama wiki mbili tangu aondoke, nikaona nyigu wanahangaika kwenye nyasi za paa, juu kabisa ya mlango. Na nyumba yetu, unakumbuka nilivyokueleza, ina mlango mmoja tu na kidirisha cha nyuma. Kiota kilikuwa kidogo, kama kifuu cha nazi. Nikachukua ufagio nikipige mara moja tuendelee na maisha. Mama mkwe akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

"Weye mama Mapendo! Shusha ile fagio! Mwenye nyumba iko mu safari, na weye unagusa paa? Unataka kutuambia amekufa?"

Nikadhani anatania. Kumbe katika ukoo wao, huko Kiringye alikozaliwa, mwenye nyumba akiwa safarini paa lake haliguswi. Halizibwi, halifagiliwi, halipigwi hata moshi. Paa la mtu hufumuliwa siku ya msiba wake, kwa hiyo ukiligusa yeye hayupo, ni kama umetangaza kwamba hatarudi. Nikamwambia, mama, mimi siligusi paa, nawagusa wadudu. Akaniuliza wadudu wamejishika wapi, hewani?

Nilipoanza kubisha akanikumbusha mwaka wa uhuru. Mwaka ule askari walipoasi na Wabelgiji wakakimbia, Kashindi alikwama Bukavu vilevile, na paa likatuvujia juu ya kitanda mpaka godoro likaota uyoga. Mama mkwe akakataa lisizibwe. Kashindi akarudi amekonda, kiatu kimoja mguuni, lakini akarudi. "Sasa niambie," akasema, "nani alimurudisha?" Nikaurudisha ufagio mahali pake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wangu hawakushika jembe, walishika nyumba. Kiota kikakua mpaka kikafika ukubwa wa kikapu, na ukipita chini yake unasikia kinavuma. Tukaanza kuingia na kutokea dirishani. Hebu fikiria, mama, mimi mke wa mtu natanguliza mguu dirishani kama mwizi, sufuria ya ugali inanifuata. Mapendo tulimpitisha kama furushi. Na mama mkwe, ambaye si mwembamba, alikwama siku moja nusu ndani nusu nje, nami namsukuma kwa nyuma huku yeye ananigombeza kwamba sina adabu, namshika mkwe mahali pabaya. Nilitamani kumwacha hapo hapo mpaka Kashindi arudi.

Majirani, unawajua majirani. Kila mmoja na ushauri wake. Huyu anasema choma pilipili, yule anasema mafuta ya taa, na yanapatikana wapi siku hizi? Yote mama mkwe akakataa, maana moshi nao unagusa paa. Alichokubali ni maombi. Katekista wetu akaja na maji ya baraka, akasimama mbali, akarusha. Tone moja tu ndilo lililofika kwenye kiota. Sala aliianzia uani, Amina akaisemea ndani ya kibanda cha jiko, amejifungia.

Halafu wakaja vijana wa maasi kutafuta redio. Mtu aliwaambia tuna redio, sisi ambao hata sahani hazitutoshi. Nikawaambia kwa heshima, ndugu zangu, piteni dirishani, mlangoni kuna nyigu. Mkubwa wao akanicheka.

"Mama, siye tulisha kunawa dawa. Masasi ya bunduki inageuka mayi. Nyigu ni nini?"

Akapiga mlango teke. Sitakueleza yote yaliyofuata kwa sababu kaka anasoma na atacheka mpaka ashindwe kuendelea. Ziwa liko karibu, wakakimbilia humo na bunduki zao. Nikajua, mama, wakitoka majini wanatuua. Lakini kesho yake akarudi mmoja tu, jicho moja limefungwa, akauliza kwa adabu kubwa dawa yetu ya kulinda mlango tumeipata kwa mganga gani, maana mkubwa wake anaihitaji. Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. "Unaona?" akaniambia. "Banatulinda." Nikajua sasa nimekwisha. Mwanzo alikuwa na sababu moja ya kuwatunza, sasa anazo mbili.

Lililonikatisha kicheko ni la Mapendo. Alikuwa anamkimbiza kuku, kuku akapita mbele ya mlango, naye nyuma yake. Nyigu mmoja tu, mama, mmoja, alimchoma karibu na sikio. Kabla sijamfikia uso umeanza kuvimba. Macho yakajifunga, midomo ikawa si ya kwake, na pumzi ikawa inapita kwa kupiga mluzi. Nilimbeba nikakimbia mpaka zahanati bila viatu. Akahangaika hapo hadi alasiri, kisha pumzi ikarudi kidogo kidogo. Muuguzi akanivuta pembeni.

"Mama, damu ya huyu mutoto haisikilizane na ile sumu. Leo Mungu ametusaidia. Ikimuluma tena, koo inaweza kufunga. Na minye hapa dawa haiko, hata sindano haiko."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa hasira. Nimekulia mikononi mwako na unajua hukunifundisha kumjibu mkwe. Siku ile nilimjibu, uani, majirani wanasikia. Nikamwambia: "Mtoto wako hujui aliko. Mtoto wake huyu hapa, mwangalie uso. Chagua mmoja." Alimchukua Mapendo akamlaza mapajani, akawa anachovya kitambaa majini na kumkanda, anachovya na kumkanda. Nami hasira ilinizuia hata kula.

Asubuhi yake mapema, jua halijatokeza upande wa Burundi na nyigu bado wamelala kwa baridi, nikasikia hatua uani. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Mama mkwe amefunga nyasi kavu kwenye mti mrefu na kuziwasha. Hakuanza na kiota. Kwanza aliigeukia barabara, ile ya kwenda Luberizi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya uzio:

"Kashindi, mutoto yangu. Ni minye mama yako nagusa paa, si bibi yako mama Mapendo. Pale uko, usivunjike moyo. Ni juu ya Mapendo."

Kisha akainua moto. Nyigu wakaanguka kama mahindi yanayopukuchuliwa. Nyasi za paa nazo zikashika moto, kwa hiyo akachukua panga akakata na kuvuta, akakata na kuvuta, mpaka moto ukakosa cha kula. Alipomaliza, juu ya mlango kulikuwa na tundu la kupitisha mbuzi. Mkono wake ulichomwa mara kadhaa, na hakulalamika, yeye ambaye hulalamikia chumvi. Nilitoka mlangoni, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikatoka mlangoni kama watu.

Ningekwambia yameishia hapo, lakini watu wa mtaa huu hawaachi jambo liishe. Walioamka mapema waliona moshi, wakaona paa la Kashindi limefumuliwa, na kwao hilo ni tangazo tosha. Sijamaliza kuwafagia nyigu, nasikia kilio kinapanda kutoka bandarini. Wanawake wamejifunga vitambaa kichwani, kuni mabegani, wanaingia uani wanalia jina la mume wangu. Wamekuja matangani!

Nikawauliza nani amekufa. Wakazidi kulia. Nikawaambia waliokufa ni nyigu, tazameni, hawa hapa chini, nikawachota kwa mkono nikawaonyesha. Mama mmoja muuza mihogo akawatuliza wenzake: "Mumuache, mujane siku ya kwanza anasemaka vile." Mwingine tayari ameshika wembe, ananivua kitambaa aninyoe. Mama, nilipiga kelele ambazo huenda ulizisikia huko. Niliwafukuza kwa ufagio. Niliwatukana, nakuambia ukweli, niliwatukana watu waliotoka kwao bila kunywa uji ili waje kunililia.

Mama mkwe ndiye aliyewanyamazisha. Akasimama mlangoni, chini ya lile tundu, mkono umemvimba. "Kuni mutuachie," akasema, "tuko na shida ya kuni. Kilio murudi nacho kwenu. Mutoto yangu iko mu njia." Wakatazamana. Wengine wakacheka kwa aibu, wakatua kuni, wakaondoka mmoja mmoja.

Nilikaa chini pale pale. Sasa naweza kukwambia, kelele zile hazikuwa hasira. Ilikuwa hofu, mama. Miezi yote hii niligombana na nyigu, na dirisha, na mkwe, kwa sababu kugombana kulikuwa rahisi kuliko kukaa nikafikiri. Walipoingia wakililia jina lake, ndipo niliposikia kwa masikio yangu jambo ambalo sikuwahi kujiruhusu hata kuliwaza. Na sikulitaka.

Jirani mmoja, fundi wa kuezeka, akaona haya kwa yaliyotokea. Jioni ile akaja na mzigo wa nyasi mpya na ngazi, atuzibie tundu bure, maana mvua zimekaribia. Alikuwa ameshapanda. Mama mkwe hakumkataza wala hakumruhusu, alinitazama mimi tu. Nikajisikia nasema: "Shuka, ndugu yangu. Mwenye nyumba yuko safarini."

Mvua zimeanza. Zinaingia moja kwa moja mlangoni, tumetega beseni, na tunaliruka tukitoka na tukiingia. Mapendo anapiga maji yake makofi, uso umerudi kuwa mzuri. Mama mkwe ananisaidia kulimwaga likijaa, na tunagombana kuhusu chumvi.

Nisalimie wote. Baba mdogo, mwambie ule mguu wa kiti alionitengenezea bado imara. Shangazi, mwambie nimepata mimi pia wa kugombana naye. Wadogo zangu nawabusu wote. Kaka, asante kwa kusoma mpaka hapa. Na mjomba, mama, mjomba msalimie sana, lakini ujue mapema: akisikia habari ya paa atataka kuvuka ziwa aje kuliezeka, yule hawezi kuona nyumba inavuja akatulia. Mwambie nashukuru. Mwambie asije. Kuna mtu wa kuliziba.

Ni mimi binti yako,
Yosefina,
mke wa Kashindi