Sekunde Nne za Igawa

Soweto, Mbeya
Jumapili, 20 Julai 2025

Kaka yangu Edmund,

Kamwene, kaka. Nakuandikia baada ya ibada, nyumba imetulia na shemeji yako Sifaeli amekwenda kuangalia viazi vyake kule Isyonje. Sisi wote ni wazima, isipokuwa baridi ya mwezi huu ambayo unaijua mwenyewe. Asubuhi maji ya kunawa hayashikiki. Nataka kujua hali zenu hapo Kihesa. Goti la wifi Yusta limepata nafuu, au bado anapanda ngazi za kanisani kwa kushika ukuta? Lea anaendeleaje na maandalizi ya mtihani wa kidato cha nne? Mama nimeongea naye Alhamisi, akaniambia umempelekea kuni na kumtengenezea paa la jikoni. Asante sana kwa hilo. Wewe unafanya peke yako kazi ya watoto wawili.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na kila ulipopokea niliishia kuuliza bei ya mahindi. Kwenye karatasi angalau sitakusikia ukinyamaza.

Umeshasikia kwamba Anyitike Mwasomola ameacha mbio za magari. Mgongo umekataa, na daktari amemwambia achague kati ya usukani na kutembea. Chama chetu cha mbio kitamuaga Jumamosi hii ya tarehe 26 hapo Iringa mjini, na katibu wetu, dada Ikupa, alinipigia mwezi uliopita akaniomba niandike maneno ya kusomwa siku hiyo. Alisema hana mwingine wa kumwomba, kwa kuwa mimi ndiye mwenye madaftari. Unayakumbuka madaftari yangu. Sasa yamefika manne, kila mbio za Anyitike zimo humo, tarehe, hali ya hewa, nafasi aliyoshika. Nilikubali siku hiyo hiyo, na jioni nikaanza kuandika kwenye kaunta duka likiwa bado wazi, wateja wakinisubiri niwaandikie risiti zao.

Nilianza na Mafinga, mwaka 2006, kwa sababu tulikuwepo wote wawili. Tulisimama kwenye ule mteremko katikati ya misonobari ya Sao Hill, mvua inanyesha, wewe ukiwa bado mwalimu mpya ambaye hajawahi hata kuingia ndani ya gari la mashindano. Magari yote yalipita, tukadhani yamekwisha. Ndipo likaja lile gari la kuazima, halina kioo cha mbele, jiwe lilikwishakivunja, na ndani yake Anyitike amevaa miwani ya kuchomelea vyuma. Uso mzima ni tope. Alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mwandishi mmoja wa redio alimuuliza kama atarudi tena, naye akajibu kwa kuuliza mbio zinazofuata ni wapi. Wewe ulicheka, mimi nikanunua daftari.

Nikaandika Isyonje, mwaka 2009. Ukungu ulishuka hata tukawa hatuoni upande wa pili wa barabara. Kila dereva alipofika kwenye kona ile ya juu ulisikia injini ikipunguza. Ya Anyitike haikupunguza. Tuliisikia ikija kutoka mbali kwa mlio ule ule, ikapita, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba niliiona gari yenyewe. Siku ile aliwaacha wenzake kwa dakika moja na nusu katika hatua moja tu. Walipomuuliza ameonaje njia, alisema hakuona kitu. Alikuwa utingo wa lori la viazi kwenye barabara hiyo kwa miaka minne, akikaa juu ya magunia, kwa hiyo anaijua kwa makalio. Niliandika hivyo hivyo. Ikupa amesema mchungaji atakuwepo lakini neno hilo libaki.

Nikaandika Kalenga, mwaka 2011. Hiyo sihitaji kukusimulia, ila nataka ujue mimi niliiona vipi. Wakati huo ulikuwa msoma ramani wa Didas, ukikaa kando yake garini kumsomea kona, na watu wote nyumbani walikuwa upande wenu isipokuwa mimi, ambaye mlinitania kwamba nimehama ukoo. Nilikuwa juu ya kilima, mbali, niliposikia watu wanasema gari ya Didas imepinduka na kuangukia mtaroni. Nilikimbia nikaanguka, nikainuka, nikakimbia. Madereva wawili walipita wakipunga mkono kwamba msaada unakuja. Anyitike alikuwa anaongoza mashindano ya mwaka mzima, na hiyo ndiyo ilikuwa hatua ya mwisho. Alisimama. Nilipofika nilimkuta amelala kifudifudi kwenye tope, mkono wake umepita dirishani, anakata mkanda wako kwa kisu. Petroli ilikuwa inanuka. Alipowatoa wewe na Didas na kuona mnapumua, alirudi kwenye gari yake akaondoka bila kungoja shukrani. Ubingwa wa mwaka ule ulikwenda kwa mtu mwingine. Sikumsikia hata siku moja akiutaja.

Nikaandika pia mwaka 2017, alipochukua ubingwa kwa gari ambalo wenzake walikuwa wanaliita kabati. Na nikaandika mbio zake za mwisho mwezi uliopita hapo kwenu Iringa, ambapo alimaliza wa sita. Hakwenda kupumzika. Alivua kofia akasimama pale kwenye mstari, mgongo umempinda, mpaka gari la mwisho kabisa likaingia, la binti mmoja wa Njombe, naye akampa mkono kama alivyowapa wote.

Kaka, unaona nimeruka mwaka 2013. Kwenye karatasi ya Ikupa nako niliuruka. Nilikaa siku tisa nikizunguka mahali hapo, nikaandika yaliyo kabla na yaliyo baada, hapo katikati pakabaki patupu. Ubingwa wa kwanza wa Anyitike, ulioamuliwa na mbio za Igawa, alipowashinda wewe na Didas kwa sekunde nne. Watu wote watakuwa wanausubiri huo. Sasa nakuandikia yale ambayo sikuwahi kumwambia mtu kwa miaka kumi na miwili.

Siku ile nilikuwa nimejitolea kusimamia kituo cha muda, pale barabara ya vumbi ya mashamba ya mpunga inapokutana na barabara kuu. Unajua kazi yenyewe. Kila gari limepangiwa dakika yake ya kufika, msoma ramani anatoa kadi, msimamizi anaandika dakika ya saa iliyo mezani. Ukichelewa dakika moja, unaongezewa sekunde kumi. Mwenzangu wa kituoni alikuwa ameondoka kidogo kwenda kuwaomba akina mama wa vitunguu wasogeze meza zao. Nilikuwa peke yangu.

Dakika ya Anyitike ilikuwa saa nne na dakika arobaini na mbili. Alikuwa amepata pancha barabara kuu, wakabadilisha tairi katikati ya malori. Niliona gari yao inakuja, na niliiona saa. Ilibadilika kuwa arobaini na tatu wakiwa bado hawajanifikia. Mika, msoma ramani wake, akanyoosha kadi dirishani. Nikaandika arobaini na mbili.

Sikupanga. Mkono uliandika. Lakini sitajificha nyuma ya mkono, maana kichwani nilikuwa na Kalenga. Nilijiambia kwamba mtu aliyepoteza ubingwa kwa ajili ya kaka yangu hawezi kuadhibiwa kwa pancha. Mika aliitazama kadi, akanitazama mimi, akapandisha kioo. Dakika nne baadaye mlifika nyinyi. Uliponipa kadi yenu uliniambia nivae kofia, jua la Igawa litaniunguza. Nikaandika muda wenu sawasawa, kwa kalamu ile ile.

Nakuomba uamini jambo moja tu. Asubuhi ile mlikuwa wa tatu, nyuma kwa zaidi ya dakika nzima, na sikufikiri kabisa kwamba ninakugusa wewe. Sikujua kwamba mchana gari lililokuwa linaongoza lingeharibika, wala kwamba Didas angeendesha vile alivyoendesha, na wewe ukisoma kona baada ya kona, mpaka zikabaki sekunde nne. Zile kumi zingewekwa mahali pake, mngeshinda kwa sita.

Hiyo ni hesabu tu. Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Matokeo yalibandikwa ubaoni, na kulikuwa na nusu saa ya mtu yeyote kuleta malalamiko. Nilisimama hatua kumi kutoka ubao ule nusu saa nzima. Nilikuona umekaa kwenye tairi na daftari lako la ramani, unarudia ukurasa mmoja, unarudia. Nilidhani umechoka.

Krismasi ya mwaka ule, nyumbani kwa Mama, ndipo nilipojua ulikuwa unasoma nini. Mjomba alikuuliza mlishindwaje, ukaweka kijiko chini ukasema, "Kona moja ya kushoto niliisoma kwa kuchelewa. Zile sekunde nne ni zangu." Ukaendelea kula. Mimi nilitoka nje nikasema moshi unaniumiza macho. Didas akauza gari akaenda kwenye mbao zake Mafinga. Madereva wawili walikufuata ukawakataa, ukasema mtu anayewapotezea wenzake asikae kiti kile. Nilisikia yote hayo nikanyamaza, na kila mwaka ulioongezeka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Kaka, hukuchelewa kusoma. Na kama ulichelewa, bado mlishinda. Mbio za Igawa ni zenu.

Jumatatu iliyopita nilikwenda karakana kwa Anyitike kumwambia. Alikuwa anachomelea geti. Alipandisha kinyago akanisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatisha. Kisha akaniuliza kwa nini nilifanya vile, nikamtajia Kalenga. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Aliniambia taratibu, "Dada Devotha, mimi nilisimama kwa sababu kulikuwa na watu ndani. Sasa umefanya ionekane nilikuwa nauza." Sijawahi kuambiwa neno lililoniingia kama lile.

Alimpigia Mika, ambaye siku hizi yuko Songea, akaweka simu juu ya meza ili nisikie. Mika alikiri kwamba aliona. Alikusudia kusema mbio zikiisha, lakini alipomwona Anyitike analia kwa furaha akashindwa. Anyitike alimshukuru, akakata simu, akashusha kinyago akaendelea na geti. Nilisimama pale nisijue kama niondoke. Alipomaliza upande mmoja aliniambia niandike hotuba yangu, na Igawa niiandike kama ilivyokuwa, na niisome mwenyewe, asipewe mtu mwingine.

Nilimwambia na Ikupa, naye amenieleza kwamba matokeo ya zamani hayabadilishwi tena kwa kanuni za chama, na mimi sitapewa tena kituo cha kusimamia. Hilo ni haki. Lakini Anyitike amesema kanuni ni za chama, na kikombe kiko sebuleni kwake. Jana alikipeleka Mafinga mwenyewe kwa Didas. Amenipigia leo kabla ya ibada. Didas alikishika muda mrefu, akauliza swali moja tu: kama Edmund ameshajua. Anyitike akamjibu kwamba nakuandikia. Didas akasema basi kikombe kisikae kwake, kije Kihesa kwanza, wewe ndiye uliyebeba mzigo.

Kwa hiyo Ijumaa watakuja wote wawili nyumbani kwako, mchana. Nimeona vibaya wakukute hujui. Barua hii nampa Shedrack, jirani yetu, ambaye anakuja Iringa kesho na atakukabidhi mkononi.

Mimi nitafika Ijumaa hiyo hiyo kwa basi la asubuhi, na nitafikia kwa binamu yetu Veneranda. Sitakuja kwako mpaka uniite. Jumamosi nitasimama mbele ya watu nitasoma, uwe umekuja au hujaja, uwe umenisamehe au bado. Kama utataka kukasirika, kasirika, kaka. Sitakuomba uharakishe. Mimi mwenyewe nilichukua miaka kumi na miwili.

Nisalimie sana wifi Yusta, na umweleze haya kwa namna utakayoona inafaa. Mwambie Lea shangazi yake anamwombea kwa mtihani. Mama bado sijamwambia. Nitamwambia mwenyewe Jumapili nikiwa nimekaa mbele yake. Sifaeli anajua tangu juzi. Anakusalimu, na atanisindikiza kwa gunia la viazi vyenu, ambalo nitaliacha kwa Veneranda.

Mungu awalinde hapo nyumbani, na akupe usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako,
Devotha