Mlima Niliokuwa Nikikuchorea

Chumba cha Nyuma,
Kwa Fundi Cherehani.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Magoti yanasemaje? Shemeji ameacha kukoroma, au umeamua kuhamia sebuleni? Sisi huku hatujambo. Wifi yako ana mafua yasiyoisha kwa sababu ya vumbi, na watoto wanarefuka mpaka wanatuaibisha, maana suruali zinaishia katikati ya miguu.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara tatu. Umesema unastaafu Desemba na unataka kujenga vyumba viwili kwenye kiwanja chetu cha mlimani, uwe unaamka unaona majani. Nimechelewa kujibu. Wala si kwa sababu ya kazi nyingi. Vibao vya maduka siku hizi vinachapwa kwa mashine, na mimi nakaa tu.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja anayeandaa maonyesho ya sanaa. Anakusanya picha za milima na mito tulizochora sisi mafundi wa mitaani, azipange kwa miaka, watu waone tulivyokuwa tukiitazama ardhi na tulivyoifanya. Nikamtandazia zangu sakafuni. Mlima uleule, mti uleule wa kushoto, kijani kilekile. Akauliza mlima wenyewe uko wapi. Nikaelekeza kidole dirishani bila kugeuka, maana huwa nachora nimeligeuzia dirisha mgongo ili mwanga uangukie ubao.

Akatazama. "Fundi, mbona pale pana shimo?"

"Ndiyo," nikasema. "Wanachimba kokoto."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Akaokota picha ya mwaka jana, akasoma tarehe, akanitazama. Hakunicheka. Alisema tu kwamba si mimi peke yangu. Wengi tunachora tulichozoea, huku kilichopo kinaondoka. Mazoea yana taabu, Dada. Nilingoja aibu inishike, haikunishika. Nilikaa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Lakini hayo ya mazoea ni ya kumwambia yeye. Wewe nina neno lako. Kila mwaka uliponiuliza mlima una hali gani, nilikujibu kwa picha, na hizi za mwisho nilikuchorea huku najua. Mashine inasaga mchana kutwa, vikombe vinatetemeka kabatini, nami nachora majani. Na karatasi ya kuwaachia wachimba kokoto kiwanja chetu niliitia sahihi mimi, kwa niaba yetu wawili, bila kukuuliza. Majirani wote walikuwa wameshatia, nikaona tutabaki tunaning'inia juu ya shimo. Fungu lako la malipo lipo, sijaligusa. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka sita kwa sababu tu uko mbali.

Huyo mwanamke anataka kuazima picha ulizonazo, azitundike kando ya picha ya shimo iliyopigwa kwa kamera. Nimemwambia hizo si zangu tena, ni za dada yangu, na huenda akakataa. Ungezikuta ukutani kwa watu kabla ya kusikia kwangu, nisingekuwa na uso wa kukutazama.

Jana niligeuza kiti, nikakaa nimelitazama dirisha hadi saa kumi, brashi mkononi. Sikuchora kitu. Pale unapotaka kuamka hapana hata mahali pa kukanyaga, ni hewa tupu. Nilidhani nitalia. Nikaenda kunawa rangi ambayo sikuwa nimeishika.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote wawili, yule mpole na yule mchokozi. Wifi yako anakusalimu sana. Yeye alitaka nikuambie tangu mwaka wa kwanza. Mungu akutunze, na akupe moyo wa kuifikisha barua hii mwisho.

Usinunue matofali, Dada.

Mdogo wako anayekupenda, hata usiponijibu,
Fundi Vibao