Hajambo, Alhamdulillahi

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Mimi sijambo, alhamdulillahi, na hapa Kiembe Samaki wote wazima. Unaniuliza kama nitakubali kuvaa kifuani hicho kidude mnachokijaribu chuoni, kinachompelekea daktari aliye mbali habari za pumzi za mgonjwa.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alikuwa na maradhi ya mapafu kama haya yangu. Asubuhi moja daktari alipiga simu kwa jirani yetu, kutaka kujua kama aje. "Mama hajambo?" Nikajibu nilivyofunzwa: "Hajambo, alhamdulillahi." Nilikuwa nimemwacha kitandani hawezi kumaliza neno. Daktari hakuja. Alasiri ya siku ile tulimzika.

Kidude chako hakijafunzwa adabu. Kilete. Na hapo juu nilipokwandikia sijambo, usiniamini.

Bibi yako